Firigisi ya Kitinda

Aliyemwona ng'ombe kwanza ni mama mkwe. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, ndiyo maana alisema, "Shukurani leo amelala vibaya," kisha akaendelea kuwamwagia kuku wake pumba.

Mama Maziwa alitoka jikoni na upawa mkononi. Ng'ombe hakuwa amelala. Upande wa nyuma wote ulikuwa umeliwa, zizi la miiba limebomolewa upande wa porini, na kwenye tope kulikuwa na nyayo pana kama visahani vya chai. Mvua ilikuwa imepiga bati usiku kucha, ikameza kila kelele. Walilala usingizi mzuri, na hilo ndilo lililomuuma Mama Maziwa kuliko yote: kwamba alilala vizuri.

Kilio kilimpanda, kikageuka kitu kingine. Nyumba ile ilikuwa ya mama mkwe. Kiwanja cha mama mkwe, kuku wa mama mkwe, hata upawa aliokuwa amekamata ulikuwa wa mama mkwe. Shukurani peke yake ndiye aliyekuwa wake, ng'ombe aliyempata kwa kuchangiana na wanawake wenzake wa kikundi. Kwa maziwa ya Shukurani alipata jina mtaani na sauti mezani. Mke asiye na chake huongea akiwa amesimama mlangoni. Mama Maziwa alikuwa ameshazoea kuongea akiwa ameketi.

Majirani wakaja, mmoja mmoja. Mama Mashine, anayesaga nafaka za watu mtaani, alikuja na unga bado uko kwenye kope.

"Pole, shoga. Ni yule yule?"

"Ni yule yule. Tazama alivyoanzia kwenye kiwele."

Hapakuwa na haja ya kumtaja. Simba jike huyo walimjua kama wanavyomjua mlevi wa mtaa. Ana sikio lililochanika, na shingoni ana mkanda wenye kifaa ambao wataalamu wa hifadhi walimvisha ili wajue kila anapokwenda. Walimpa na jina, Malkia.

"Ana jina, ana mkufu," alisema Mama Mashine. "Kilichobaki ni kitambulisho, akapige kura."

Watu wakacheka kile kicheko cha msibani, kinachotoka puani. Mama Maziwa hakucheka.

Saa nne likaja gari la wanyamapori lenye kipaza sauti juu ya paa. Aliteremka yule dada afisa ambaye kazi yake ni kuzunguka akielimisha watu kuhusu wanyama, wakamwita Dada Spika. Hakuwa mtu mbaya. Alitoa pole mara mbili, akavaa glavu, akapiga picha nyayo. Kisha akatikisa ule ua wa miiba kwa vidole viwili, kama mtu anayejaribu jino la mtoto.

"Mama, zizi la namna hii ndilo nililolisema kwenye mkutano. Miiba haimzuii simba. Tulisema waya, na taa."

"Mkutano wenyewe ulikuwa saa ngapi?"

"Saa mbili asubuhi."

"Saa mbili asubuhi mimi nina ndoo kichwani, nauza maziwa."

"Basi hata ungemtuma mtu."

"Ningemtuma Shukurani," alisema Mama Maziwa.

Dada Spika aliinama akajifanya anafunga kamba za viatu. Aliposimama alisema kwamba kipo kifuta machozi kwa waliouliwa mifugo, ila hutolewa kwa aliyejenga zizi kama ilivyoelekezwa. Hakuitunga yeye sheria hiyo. Angejaribu kuongea na wakubwa, ila hakumwahidi. "Sasa mama, kwa ajili ya picha, hebu shika pembe kidogo, uso wa ng'ombe ugeukie huku. Sogea, kivuli chako kinaingia."

Akashika pembe. Mtaa mzima ukamtazama Mama Maziwa amekamata kichwa cha ng'ombe wake aliyekufa, akipigwa picha kama bwana harusi na bibi harusi.

Baada ya hapo Dada Spika akaenda garini akarudi na fulana. "Hizi tulizigawa siku ile ya mkutano. Chukua mama, umpe mtoto." Kifuani palikuwa na picha ya uso wa simba na maneno: *Simba ni wetu, tumlinde.*

Mama Maziwa aliisoma polepole, kama alivyosoma kila kitu, akisogeza midomo.

"Ni wetu?"

"Ndiyo, mama. Ni wetu sote."

"Basi mimi nipeni nusu yenye meno."

Safari hii walicheka kwa midomo wazi, Dada Spika akapanda gari uso umemwiva. Lakini maneno hayakamuliwi. Watu walipoondoka, zizi lilibaki na mzoga, nzi, na mwanamke mwenye fulana mkononi.

*

Mumewe alikuwa fundi baiskeli, mtu wa kunyoosha mambo kama anavyonyoosha rimu, kidogo huku kidogo kule, bila haraka. Alirudi mchana, akakaa kwenye ukingo wa zizi.

"Tumzike leo hii," alisema. "Simba ana desturi ya kurudi kumalizia."

"Nani atachimba? Wewe una baiskeli za watu, mimi mgongo umekatika. Tumwachie kesho, niombe vijana."

"Akirudi je?"

"Arudi. Ale nini kingine hapa? Mimi?"

Fundi alimtazama mkewe. Alitaka kusema kitu, akaona heri ya baiskeli za watu, akarudi kazini. Wanaume wapole wana kosa hilo: wakiona moshi kwa mke hukimbilia mahali penye hewa.

Mama Maziwa alikuwa na dawa ya shambani iliyobaki tangu wadudu walipovamia mboga. Alikuwa ameitia kwenye kopo la zamani la maziwa ya unga, akaliweka juu kabisa darini, maana alikuwa mama mwangalifu. Jioni, jua likiwa bado liko juu ya paa za watu, alimburuta Shukurani akisaidiwa na mpita njia mpaka nje ya ua, upande wa porini. Mpita njia akaenda zake. Mama Maziwa akabaki peke yake na kopo lake, akafunga mdomo kwa khanga.

"Nisamehe, mama," alimwambia ng'ombe. "Nakutuma kazi ya mwisho."

Alipomaliza aliosha mikono kwa majivu na sabuni mpaka ngozi ikakakamaa. Alimfunga mbwa. Alimwambia Kitinda, mwanawe wa mwisho, kwamba upande wa porini asikanyage, kuna nyoka. Alimfikiria mbwa, alimfikiria mtoto, alimfikiria hata jirani anayekata kuni, akauzibia mzoga kwa matawi upande wa njia asiufikie. Kuku hakuwafikiria. Kuku walikuwa wa mama mkwe.

Usiku ule alilala kama mtu aliyelipwa.

*

Asubuhi alikwenda kutazama kabla mtu hajaamka. Tumbusi walikuwa wamelala huku na huku mbawa wazi, kama miavuli iliyopinduliwa na upepo. Fisi mmoja alikuwa amekufa amejikunja, ameuma udongo. Na kutoka kwenye mzoga zilikwenda nyayo zile pana, mwanzo zimenyooka, halafu zikawa zinaburuzika, zikashuka upande wa kijito. Mama Maziwa hakuzifuata. Hakuhitaji. Mdomo wake uliona utamu ambao hakuuonja tangu siku alipomleta Shukurani nyumbani akiwa ndama.

"Malkia," alisema kwa sauti, "habari ya asubuhi."

Aliona aende kwanza kurudisha vyombo vya wateja, akirudi awaite vijana wa kuchimba, wafukie kila kitu pamoja na tumbusi wake. Akabeba chupa na vibuyu vya plastiki vya watu, akapita nyumba kwa nyumba. Mke wa mwalimu alipokea chupa yake akaitazama ndani, kama atakayekuta maziwa yamejificha. Mwenye mgahawa alisema, "Kwa hiyo chai yangu leo niitie nini, machozi yako?" Siku nyingine neno hilo lingemkata maini. Leo alitabasamu. Alikuwa na siri tumboni inampa joto kama uji.

Huku nyumbani, mambo yalikwenda hivi.

Kuku wa mama mkwe walifunguliwa. Kuku hana mpaka. Anakwenda penye nzi, penye funza, penye chembe ya nyama, na asubuhi ile nzi wote wa mtaa walikuwa nje ya ua, upande wa porini. Walidonoa wakashiba. Waliporudi uani, jogoo alianza kwenda upande upande, halafu tetea mmoja akainamisha kichwa, akatoa ute mdomoni.

"Mdondo," alisema mama mkwe. Na nani angesema lingine? Mdondo unapoingia, kila mwanamke anajua la kufanya: kisu kikimbizane na kifo. Kuku akiinamisha shingo unamwahi, unamchinja, unampika, maana akikufia mwenyewe ni hasara tupu. Sote tumefanya hivyo. Sote tumekula kuku wa mdondo tukalamba vidole. Bibi yule aliwawahi wanne, akawanyonyoa, akawachanua kwenye beseni kwa macho yake yenye ukungu, akisuuza kila kitu katika maji yale yale ya matumbo.

Firigisi ni ya baba wa nyumba, lakini baba hakuwepo, na Kitinda alikuwa amechuchumaa pembeni anatazama kwa macho ya paka.

"Bibi, hiyo ni ya nani?"

"Ya anayenyamaza."

Kitinda akafumba mdomo kwa viganja vyote viwili. Bibi akacheka, akaipasua firigisi, akaisuuza mle beseni, akaitupa juu ya makaa. Akamgeuzia mpaka ikaiva nje. Sufuria ya mchuzi ilikuwa bado haijachemka mtoto alipokwisha kula.

*

Mama Maziwa alisikia kelele akiwa njiani. Alimkuta mwanawe mapajani kwa bibi yake, udenda unamchuruzika kama mtoto anayeota meno, jasho limemlowesha, misuli ya mashavu inarukaruka kama kuna panzi chini ya ngozi.

"Amekula nini?"

"Hajala kitu kibaya, mwanangu. Firigisi tu. Kuku wameingiwa na mdondo, nikawawahi..."

Mama Maziwa aligeuka akatazama uani. Aliona manyoya. Aliona jogoo amelala chali. Macho yake yakavuka ua, yakafika kule nje kwa Shukurani, yakarudi kwa mtoto. Safari ile ya macho ilikuwa fupi, lakini mtu akiifanya mara moja hawi tena yule aliyekuwa.

Alimwaga sufuria kwa teke. Akamnyakua mtoto, akakimbia.

Zahanati ilikuwa na foleni, na foleni ilipisha yenyewe ilipoona mtoto. Nesi alimlaza ubavu, akamfuta mdomo, akamfunua kope. "Amekula nini?" Swali lile lile. Bibi alikuwa amefika naye, anahema, kiatu mguu mmoja.

"Kuku," alisema bibi. "Kuku wa mdondo. Lakini mdondo haumdhuru mtu, nesi, tangu utoto wetu tunakula."

Hapo Fundi akaingia na mikono ya grisi. Watu walikuwa wamemfuata kazini. Mtu yule mpole, ambaye hata mteja asiyelipa humwambia tutaonana, alimgeukia mama yake mbele ya foleni nzima.

"Umemlisha mwanangu mizoga. Kwa uroho wako. Kuku akifa unaona unaibiwa, sasa umefaidi nini? Mchawi wewe."

Bibi alishuka chini ukutani mpaka akakaa sakafuni. Watu kwenye foleni wakaanza kunong'ona; mwanamke mmoja akasema wazee wengine bwana, na mwingine akavuta mtoto wake mbali na miguu ya bibi.

Mama Maziwa alinyamaza.

Alinyamaza kwa muda wa kumeza mate, si zaidi. Lakini ndani ya mmezo ule mlikuwa na mengi. Mlikuwa na jela. Mlikuwa na mumewe kujua. Na, Mungu amsamehe, mlikuwa na bibi yule aliyewahi kumwambia mbele ya wageni kwamba mke wa mwanawe ni ng'ombe aliyeleta ng'ombe mwenzie. Sauti ndogo ikasema, naye aonje. Kisasi ni kama chachu, ukikitia kwenye chungu kimoja kinaumua na cha pili.

Nesi alipiga meza. "Nisikilizeni. Mboni zake zimekuwa kama tundu la sindano. Huu si ugonjwa wa kuku. Kama ni sumu nataka nijue sasa hivi ni sumu gani, maana nikikosea namuua mimi."

"Ni dawa ya shambani," alisema Mama Maziwa. "Nimeiweka mimi. Kwenye ng'ombe. Nilitaka kumuua simba."

Akaitaja jina, lile lililoandikwa kwenye pakiti kabla hajaitia koponi. Foleni yote ikasikia. Fundi akamtazama, kisha akamtazama mama yake sakafuni, akashindwa aanze kusema na nani.

Nesi alifungua kabati, akasogeza maboksi, akafunga kabati. "Sindano yake ipo," alisema. "Ipo hospitali kubwa. Hapa imetuishia, tumeagiza hatujaletewa. Na gari la wagonjwa limeenda na mama mjamzito."

Pale Mama Maziwa ndipo alipokaa chini, karibu na mama mkwe, na bibi akasogeza nguo yake isimguse.

*

Kumbe ule mkanda wa simba ulikuwa umeshatoa habari. Kwenye hifadhi waliona Malkia hasogei tangu alfajiri, wakashuku sumu, wakamwita daktari wa wanyama, na wakati huo gari lao lilikuwa linapita kasi mbele ya zahanati kuelekea kijitoni. Nesi alitoka akasimama katikati ya barabara na koti lake jeupe, mikono juu, mpaka likafunga breki vumbi likamfunika.

Dada Spika aliteremka kwanza. "Tuna dharura, nesi."

"Na mimi ninayo. Ya mtoto. Sumu ya shambani. Mna sindano?"

Daktari wa wanyama alikuwa tayari ameshika sanduku lake. Aliingia, akamwangalia Kitinda, akauliza jina la sumu, akaambiwa. Alifungua sanduku.

"Chupa hizi nilimbebea simba," alisema, akimwambia nesi, akizitoa. "Simba anahitaji zote, na pengine zisitoshe. Mtoto atahitaji mara kwa mara mpaka mate hayo yakauke, na njiani kwenda hospitali tuwe nazo. Haziwezi kugawanywa."

"Basi?" aliuliza nesi.

"Basi nini? Shika mkono."

Hakutafakari, wala hakumtazama mtu. Mama Maziwa ndiye aliyetazama. Alimtazama Dada Spika, na Dada Spika alikuwa anamtazama yeye, na kati yao palikuwa na ng'ombe na simba na picha na fulana. Dada yule mwenye sauti ya kuamsha mtaa aliongea chini, karibu kunong'ona.

"Malkia ana watoto watatu. Bado hawajui kuwinda."

"Na huyu naye ni mtoto," alisema Mama Maziwa. "Wangu."

"Najua. Ndiyo maana tumesimama."

Sindano ya kwanza haikufanya kitu. Ya pili, Kitinda akavuta pumzi iliyokoroma, ikatulia kidogo. Wakampakia kwenye gari la wanyamapori, mtoto mapajani, daktari wa simba akimshika mshipa wa shingo njia nzima, akihesabu kimoyomoyo na midomo yake inacheza. Mama Maziwa alikuwa ameshika taya la mwanawe asijiume ulimi. Gari lilipita kando ya kijito. Kwa mbali, chini ya kichaka, kulikuwa na kitu cha rangi ya nyasi kavu kinachotikisa mguu mmoja, kinatulia, kinatikisa tena. Hakuna aliyesema simamisha.

Alitaka simba afe. Alikufa. Mama Maziwa alimwona anakufa kama alivyoomba, na hakuweza hata kugeuza shingo vizuri amtazame, kwa kuogopa mkono usiteleze kwenye taya la mtoto.

*

Kitinda alipona. Alibaki na kikohozi, na akisikia harufu ya kuku anayechomwa anaingia chini ya kitanda.

Tumbusi, fisi na mbwa wawili wa majirani walichomwa pamoja na Shukurani katika shimo moja. Kopo lilichukuliwa. Kesi ya Mama Maziwa iliitwa, ikaahirishwa, ikaitwa tena, na kila ilipoitwa alivaa nguo ile ile safi akaenda. Wenye mbwa walimnunia. Fundi alimwomba radhi mama yake kwa kupiga magoti, bibi akampokea, maana mtoto ni mtoto. Kwa Mama Maziwa bibi aliongea mara moja tu, wakiwa wanapepeta mchele, bila kuinua macho.

"Simba ulimwekea sumu kwa sababu alikula ng'ombe wako. Haya. Mimi nilikula nini chako? Mwanangu ananitukana mbele za watu, nawe unajua, umenyamaza."

"Ilikuwa kidogo tu, mama."

"Hata kwenye firigisi ilikuwa kidogo tu."

Tangu siku hiyo hakumsemesha. Walipishana mlangoni kama wapangaji. Chakula alikila, chumvi ikipungua aliitafuta mwenyewe.

Mvua zilizofuata, watoto wa Malkia walikuja. Walikuwa wamekonda, hawana mama wa kuwafundisha kukimbizana na swala, basi wakafuata vinavyofungwa kwa kamba. Walibeba mbuzi wa Mama Mashine, wakamwacha nusu nyuma ya mashine ya kusaga. Asubuhi hiyo Mama Mashine alikuja uani kwa Mama Maziwa, akavuta kigoda, akakaa bila kukaribishwa.

"Shoga, nataka jina tu."

"Jina la nani?"

"La ile dawa. Pale dukani zimejaa, sijui ipi ni ipi. Ile yako ilifanya kazi."

"Ilifanya kazi," alisema Mama Maziwa. "Kitinda, njoo hapa umsalimie mama mkubwa."

"Sikuja kwa ubaya. Wewe uliteleza mahali padogo tu, hukufungia kuku. Mimi nitawafungia kuku. Nitafunga mbwa, nitafunga na watoto miguu kwa kamba ikibidi. Siwezi kuchezewa na vitoto vya simba."

"Kuku wa nani utawafungia?"

"Wangu."

"Na hawa?" Mama Maziwa alionyesha kwa kidevu. Kuku wachache aliopata tena bibi walikuwa wametoka zao upande wa pili wa ua, kwa Mama Mashine, wanachakura. "Na vifaranga vya mke wa mwalimu? Na mtoto wa mpangaji wako anayeokota kila kitu anatia mdomoni? Mimi nilimfikiria mpaka mkata kuni, shoga. Nilimwekea na matawi."

"Kwa hiyo huniambii."

"Sikwambii. Na ukiipata kwa mwingine, nitakwenda kwa Dada Spika kwa miguu yangu, nitataja jina lako na la mumeo. Nitasimama mahakamani, njia naijua."

Mama Mashine alisimama, kigoda kikaanguka. "Unanigeuka mimi kwa ajili ya simba? Wewe?"

"Simba wafe wote kesho kwa radi, sitavaa kilemba cheusi. Usinisomee fulana. Hasira zangu hazijaisha, zimehama nyumba tu. Zilikuwa kwa simba, sasa ziko kwa yeyote atakayefungua kopo lile karibu na mwanangu. Na yule sikumwacha mpaka alipokufa, kwa hiyo unanijua."

Mama Mashine aliondoka akisonya mpaka getini. Mama Maziwa alikiinua kigoda. Mwenye hasira mwenzie alimjua: angekwenda dukani, angebahatisha, na nusu ile ya mbuzi ilikuwa bado iko wazi nyuma ya mashine, inanuka, inasubiri mpishi.

Akaingia stoo akachukua jembe. Alivuka ua bila hodi, akapita mbele ya Mama Mashine aliyekuwa amesimama mlangoni mikono kiunoni, akafika nyuma, akaanza kuchimba.

"Nani amekuita?" aliuliza Mama Mashine.

Mama Maziwa aliinua jembe tena. Alichimba. Udongo ulikuwa na mizizi, jembe likawa linaruka. Watu wawili watatu wakasimama njiani kutazama, mmoja akasema jambo kuhusu wafungwa na kazi ya nje, wenzake wakacheka puani. Alipoona shimo limefika magotini aliweka jembe chini, akamshika mbuzi miguu.

"Acha kwanza."

Ilikuwa sauti ya mama mkwe. Alikuwa amekuja akipapasa ukuta wa mashine kwa mkono mmoja, akasimama ukingoni, akainama na macho yake ya ukungu kulipima shimo kwa fimbo.

"Hilo fupi," alisema. "Mbwa atamfukua. Chimba."